Maneno ya Kabla ya Chai

Mjukuu wangu Nihal aliingia chumbani kwangu nikiwa bado nachana nywele, akaufunga mlango kwa mgongo, akaniuliza swali ambalo msichana aliyekwisha kuvishwa pete hamuulizi bibi yake asubuhi asubuhi.

“Bibi, nikimkataa Wagdi, ile dhahabu inarudi kwao?”

“Inarudi yote,” nikamjibu. “Bangili, mkufu, pete, hata kile kisanduku chekundu cha mahameli. Msichana akikataa, anarudisha. Mwanamume akikataa, msichana anabaki nayo. Hapa Dumyat hilo hata paka wa sokoni wanalijua. Kwa nini?”

“Kwa sababu leo namkataa.”

Chanuo likaniponyoka, likaingia chini ya kitanda. Nikamtazama usoni. Msichana aliyemchoka mchumba wake huwa na uso mkavu. Huyu macho yalikuwa yanang'aa na mashavu yamemwiva kama siku ile ya posa.

“Umeacha kumpenda?”

“Mimi?” Akacheka. “Bibi, nikisikia nyundo barabarani nageuka. Nikisikia harufu ya mbao mbichi nageuka. Nimeacha wapi?”

Ndipo nilipomwelewa. Nikakaa kitandani taratibu, maana magoti yangu hayapendi habari za ghafla.

Wagdi ni fundi wa nakshi. Mtaani kwetu mafundi wa samani ni wengi kuliko madirisha, lakini ukitaka waridi la mti ambalo pua yako inatamani kulinusa, unakwenda kwake. Ni kijana mrefu, mpole, na akimwona Nihal anapita husahau patasi iko mkono gani. Kidole chake cha shahada kina kovu la siku ya kwanza alipomwona. Msimu wa harusi ulipopamba moto, kazi za vitanda zikamzidi, akaanza kumeza vile vidonge vya maumivu ambavyo mafundi hupeana karakanani ili wakeshe bila kusikia mgongo. Alianza na nusu kidonge. Mwishowe akawa hawezi kushika patasi bila kumeza.

Wala hakufumaniwa. Alijisema mwenyewe. Alimwita Nihal, nami nikiwepo, akatuonyesha ubao wa kichwani wa kitanda chao cha harusi. Mawaridi ya kushoto yalikuwa hai kabisa. Ya kulia yalifanana na kabichi.

“Unaona?” alimwambia Nihal, sauti imeshuka. “Upande ule nimechonga mimi. Upande huu vimechonga vidonge. Nisaidieni.”

Alijaribu kwanza kujifungia karakanani aache kwa nguvu zake. Arosto ikamwangusha, akapatwa na degedege sakafuni kwenye maranda, na daktari akamwonya mama yake kwamba vidonge vile haviachwi nyumbani kienyeji. Mtu hushushwa pole pole, penye daktari.

Basi tulikwenda kutafuta mahali pa kumtibu, sisi wanawake: Nihal, mimi, na Bi Insaf, mama yake Wagdi, mjane anayeshona mapazia. Mimi nilibeba mfuko wa majani ya kabichi yaliyoviringishiwa wali, maana sisafiri na njaa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa jumba lenye bwawa la kuogelea. Bwana mmoja mwenye manukato makali akatuahidi kwamba Wagdi atatoka mpya kama alivyozaliwa, tena upesi kuliko kabati linavyokauka rangi. Alitaka malipo yote mkononi kabla ya kutuonyesha hata chumba. Nilipomuuliza tutakuja lini kumtazama mgonjwa, akasema ndugu huwavuruga wagonjwa. Na pale getini, mlinzi hakuupekua mfuko wangu. Alichukua kabichi mbili, akanipungia mkono nipite.

“Mama, umeliona lile bwawa?” Bi Insaf akaninong'oneza.

“Insaf, mwanao anaumwa au anakwenda kuogelea?”

Nyumba ya pili ilikuwa ya zamani, upande wa Ras el Bar, rangi imebabuka kwa chumvi ya bahari. Getini msichana mwembamba mwenye miwani aliupokea mfuko wangu, akavaa glavu, akazifungua kabichi zangu moja moja kwa uma. Wali ukamwagika mezani.

“Wewe mtoto! Nimeziviringisha tangu alfajiri!”

“Nisamehe, bibi,” akasema, naye haachi kuchokoa. “Siku ya sikukuu kidonge kiliingia humu ndani ya keki. Kililetwa na shangazi mwenye huruma.”

Nikamtazama vile anavyochokoa, hasira zikanishuka.

“Insaf,” nikasema, “ni hapa.”

Hata hivyo tuliuliza yote. Leseni ilikuwa ukutani, daktari analala humo humo, ndugu wanaruhusiwa kila Ijumaa, na jikoni wagonjwa walikuwa wakimenya vitunguu na kutaniana. Msimamizi, bwana mmoja mnene aliyewahi kuwa mla vidonge yeye mwenyewe, hakutupambia maneno.

“Siwezi kuwaahidi kwamba atapona kwa mara moja,” alisema. “Mimi nilirudi humu mara tatu. Mke wangu ananikumbusha kila tukigombana.”

Kisha akataja ada. Inalipwa kwa mwezi, na mwezi si mmoja. Bi Insaf aliukumbatia mkoba wake kama mtu aliyeshikwa na baridi. Hospitali ya serikali ni bure, lakini foleni ya vitanda ilikuwa ndefu, na Wagdi alizidi kukonda. Njia nzima ya kurudi Nihal alikuwa anazungusha bangili zake tu, anazizungusha, anazizungusha.

Jioni ile ile uvumi wa vidonge ukamfikia mwanangu Misbah, baba yake Nihal. Akamvua binti yake dhahabu yote, akaifungia kabatini mwake, ufunguo akauning'iniza shingoni pamoja na miwani.

“Kwa hiyo baba hawezi kuitoa kwa kuombwa,” Nihal aliniambia asubuhi ile chumbani. “Atatoa kwa kurudisha tu. Na Wagdi anakuja leo baada ya alasiri. Najua anakuja kuniacha, ili dhahabu inibakie. Bibi, lazima nimwahi.”

“Mwahi basi,” nikasema. “Nitafutie kwanza chanuo langu.”

*

Misbah ana duka la mishabik, vile vitamu vyetu vya shira vilivyosukwa kama wavu, na kwa kawaida ni mtu mchangamfu. Alimlea Nihal bila mama, nami nikimsaidia, na ukimgusa binti huyo umemgusa jicho. Siku ile alitupanga sebuleni kama anayepanga sinia.

“Sikilizeni. Binti yangu simwozi mla vidonge. Lakini sisi hatuvunji. Mwacheni kijana aseme mwenyewe. Akisema yeye, tumemaliza kwa heshima na dhahabu imebaki. Nihal, wewe ni chai tu. Unaleta, unaweka, unaondoka.”

“Sawa, baba,” Nihal akasema, ameinamisha kichwa. Misbah angalijua, asingaliipenda ile “sawa”.

Wagdi alifika na mama yake, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Lilimpwaya. Alinibusu mkono, akakaa ukingoni mwa kiti, akaanza kuipapasa nakshi ya mkono wa kiti bila kujua. Mama yake alikaa pembeni yake. Tukaulizana hali, tukaulizana hali tena. Nilimwona kijana anameza mate, anafungua mdomo, anaufunga. Amelelewa vizuri: neno zito halisemwi chai haijawekwa.

Nihal akatokea mlangoni na sinia. Wakatazamana. Ee jamani, ule mtazamo! Mimi ni mzee, lakini niliona haya, nikajifanya natafuta kitambaa.

Hakuliweka sinia. Alisimama pale pale.

“Wagdi,” akasema, “sikutaki.”

Vikombe vikaanza kugongana juu ya sinia.

“Nimeuvunja uchumba. Mimi. Nyote mmesikia. Dhahabu yenu irudi kwenu.”

Wagdi akaruka kitini. “Hapana! Mimi ndiye nimekuja kusema hivyo! Mimi ndiye ninayekuacha!”

“Umechelewa.”

“Sijachelewa, nilikuwa nasubiri chai!”

“Nani kakwambia usubiri?”

“Adabu!”

Misbah alipiga makofi. “Haya, kijana ameshasema! Amevunja yeye. Mungu awaridhie nyote, dhahabu imebaki.”

“Baba, mimi nimetangulia.”

“Umetangulia nini? Maneno ya kabla ya chai si maneno. Mgeni hajanywa, mazungumzo hayajaanza. Ni desturi.”

“Desturi ya wapi?” nikamuuliza. “Mimi niko Dumyat kabla yako, sijaisikia.”

“Bi Insaf,” Misbah akamgeukia, “wewe sema haki. Umesikia nani kwanza?”

“Mimi, Haji, nilikuwa natazama sinia lisianguke.”

Wagdi hakuwa anatusikia tena. Alikuwa amemsogelea Nihal, sinia tu liko baina yao, mvuke wa mnanaa unawapanda usoni.

“Usifanye hivi,” akamwambia. “Nimeshakuharibia jina. Angalau ubaki na kitu cha kuanzia maisha na mwingine.”

“Mwingine nani?”

“Sijui. Mwingine.”

“Mtaje.”

“Nitamtajaje mtu nisiyemjua?”

“Basi kama humjui, usimlete nyumbani kwetu.”

Bi Insaf akacheka, akajiziba mdomo kwa mtandio. Nami nikacheka. Misbah alituangalia mmoja mmoja kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake.

“Ngojeni kwanza. Huyu anamkataa na machozi yanamdondokea kwenye chai. Huyu anamwacha na magoti yanamgongana. Hawa wanaachana au wanaoana?”

“Wanaachana,” nikasema. “Ulitaka uvunjike, Misbah, umevunjika. Aliyevunja ni binti yako, nami nimesikia kwa masikio yangu haya. Nenda kabatini.”

“Mama!”

“Kabatini.”

Mwanamume mzima, mwenye duka, wafanyakazi na masharubu, akaenda kabatini. Alirudi na kisanduku chekundu, akamkabidhi Bi Insaf bila kumtazama.

“Niambie tu,” akasema, “dhahabu hii mtaifanyia nini?”

Bi Insaf hajui kusema uongo akiulizwa usoni. “Itamlipia matibabu, Haji. Kule Ras el Bar. Akikubali yeye mwenyewe.”

Misbah akageuka pole pole kwa Nihal. “Ulijua?”

“Nilijua, baba.”

Niliuona uso wa mwanangu ukibadilika. Hasira niliizoea, hii ilikuwa huzuni, nayo ilikuwa nzito zaidi. “Nilitaka kukuokoa,” alisema. “Nawe umenipitia mlangoni kwangu na sinia langu mkononi. Haya. Umesema humtaki mbele ya watu, na mimi neno la binti yangu nalishika. Kijana, nenda ukatibiwe, Mungu akuponye. Lakini hapa usirudi kuposa.”

Akatoka kwenda dukani, na chai hakuigusa.

Nilimwona Nihal anauma mdomo. Hilo hakuwa amelipiga hesabu. Alikwenda kushinda mchezo wa dhahabu, na baba yake akaichukua harusi.

Niliwaacha ngazini waagane, mlango wazi, mimi nikiwa nyuma ya pazia kama inavyompasa bibi.

“Umenivunja kweli sasa,” Wagdi alisema.

“Si wewe uliyenifundisha? Kiungo kilichogandishwa vibaya ukikiacha kitanda kinalia maisha yote. Unakigonga kinaachia, unafuta gundi ya zamani, unakigandisha upya.”

“Na mbao ikipasuka wakati wa kugonga?”

“Basi gonga taratibu,” akasema Nihal. “Lakini nenda, Wagdi. Usiende kwa ajili ya dhahabu, wala kwa ajili yangu. Nenda kwa ajili ya lile waridi la kulia.”

Wagdi hakumgusa. Aliweka mkono wake kwenye mbao ya kushikia ngazini, mahali ambapo mkono wa Nihal ulikuwa umetoka kuondoka, akashuka.

*

Dhahabu ilipouzwa na Wagdi akaingia kule Ras el Bar, Bi Insaf aliuambia mtaa kwamba mwanawe kapata kazi Kuwait. Lilikuwa kosa kubwa. Kila jirani alimteremshia salamu kutoka dirishani: huyu anataka blanketi, yule anataka chupa ya chai ya umeme, mwingine kamtafutia Wagdi mke mwenye shahada. “Mama,” alinilalamikia, “akitoka huko nitafungua duka la mablanketi.”

Miezi ya kwanza wagonjwa wapya hawaonwi ila na mama zao. Nihal alingoja. Alikonda yeye sasa. Misbah alikuwa anamletea mishabik ya moto kila jioni na Nihal anaila nusu, anasema asante. Nyumba ikawa na adabu nyingi mno. Ijumaa tuliporuhusiwa wote, nilimwambia mwanangu atupeleke na gari.

“Mimi nitakaa garini, Mama.”

“Kaa garini. Ila sinia la vitamu libebe wewe mpaka getini, mgongo wangu mbovu.”

Safari ile nilipika bata wetu wa Dumyat, aliyejazwa vitunguu na viungo. Yule msichana wa miwani akanisalimia kwa jina, akavaa glavu, akampasua bata wangu tangu shingo mpaka mkia, akachokoa vitunguu vyote. Kisha akaivunja mishabik ya Misbah vipande vipande.

“Anafanya nini huyu?” Misbah akang'aka.

“Anamlinda mkwe wako,” nikasema.

“Si mkwe wangu.”

Lakini hakurudi garini. Alibaki getini anamwangalia msichana yule anapekua, na masharubu yakaanza kutulia.

Wagdi alitungojea chini ya turubai uani. Amenenepa! Shati lilimkaa. Macho yalikuwa yake mwenyewe, yale ya zamani, na yalikwenda moja kwa moja kwa Nihal, yakakaa huko.

“Karibu,” akamwambia, kama mtu aliyesahau maneno mengine yote.

“Nimekaribia,” akasema Nihal.

Akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua. “Patasi hawaturuhusu humu. Wala kisu. Lakini nilitaka uone kama mkono umerudi.”

Ilikuwa pete. Pete ya sabuni nyeupe ya kufulia, imechongwa waridi juu, kila jani la ua limekunjika kama lililolala na umande. Hata mimi pua iliniambia ninuse.

“Kwa mpini wa kijiko,” alisema, anacheka kwa haya. “Nilivunja sabuni nyingi. Wenzangu wananuna, wanasema nimewaacha bila cha kufulia. Nihal, sikuombi neno. Baba yako amesema lake, namheshimu, na bado nina safari. Nimeonyesha tu.”

Nihal aliivaa mkono wa kulia, palepale ilipokuwa ile ya dhahabu. Ilimwenea.

Misbah alipotufikia na vipande vya vitamu vyake, tulikuwa tumeshatandika. Wagdi alisimama, akamsalimia kwa heshima, naye akaitika kwa kichwa. Nikachukua birika na beseni la kunawia.

“Nihal, mikono,” Misbah akasema.

Mjukuu wangu aliuficha wa kulia nyuma, maana pete ya sabuni haivumilii maji. “Sina njaa, baba.”

“Wewe? Mbele ya bata?”

“Nimeshiba.”

“Leta mkono.”

Akauleta. Misbah akavaa miwani, akauinua mkono wa binti yake mpaka karibu na pua, akaugeuza kwenye mwanga. Mwanangu si fundi wa mbao, lakini maisha yake yote amesuka nyuzi za unga juu ya mafuta ya moto, na anajua mkono uliotulia ukiuona.

“Nani kachonga?”

“Mimi, mzee,” Wagdi akasema.

“Mkono haukutetemeka?”

“Mwanzoni ulitetemeka. Hii ni ya juzi.”

Misbah alimtazama Nihal muda mrefu, wala hakuitazama pete. Alikitazama kicheko ambacho msichana alikuwa anajitahidi kukibana na kinamvuja pembeni mwa mdomo. Hatukuwa tumekiona tangu siku ya ngazini.

“Mama,” akaniita, bado anamtazama bintiye. “Siku ile, huyu alipomkataa huyu, chai ilikuwa imeshawekwa mezani?”

“Haikuwa,” nikajibu. “Sinia lilikuwa bado mkononi.”

“Basi si niliwaambia? Maneno ya kabla ya chai si maneno. Ni desturi.”

Bi Insaf alipiga kigelegele mpaka wagonjwa wakachungulia kutoka jikoni na vitunguu mikononi. Wagdi alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Misbah akaninyang'anya birika, akammiminia maji Bi Insaf, akanimiminia mimi, akamshika Wagdi viganja vile vilivyolowa machozi, akavimiminia pia, pole pole, kidole kwa kidole. Alipomfikia Nihal akasimama, akaliinua birika juu.

“Huyu msimtilie maji,” alisema. “Mpeni kijiko.”